Rangi ya chungwa chini ya macho: ni dawa au ni danganya toto?

Kama hauko shwari kwa sababu asubuhi umejitazama kwenye kioo ukaona weusi chini ya macho, basi makala hii ni yako kabisa. Na wewe kaka, usifungue ukurasa mwingine ukidhani haya ni mambo ya akina dada tu. Macho unayo, usingizi unauhitaji, na huo weusi haubagui.

Mwezi fulani nilikwenda kwenye shule moja ya sekondari wilayani Temeke kuzungumza na klabu ya afya. Mada ilikuwa nyingine kabisa. Tulipomaliza na wenzake wakatoka, msichana mmoja wa kidato cha tatu alibaki nyuma akijifanya anafunga daftari. Nikamuuliza, "Vipi, kuna swali?" Akatoa kwenye begi kityubu kidogo chenye rangi ya chungwa ndani. Akaniambia, "Dada, naomba unisomee. Eti hii ni dawa?"

Alikinunua kwa shilingi 8,000. Aliyemuuzia alimhakikishia kuwa kinatibu weusi wa macho ndani ya wiki mbili. Ili apate hela hiyo aliweka akiba ya chakula cha mchana, shilingi 500 kila siku ya shule. Piga hesabu: siku 16 bila kula mchana. Alikuwa amekitumia miezi miwili. Kila akijipaka, weusi unapotea. Kila akinawa usiku, weusi umerudi, uko palepale unamsubiri.

Sikumjibu siku hiyo. Nami chuoni nilikuwa nacho cha kwangu, nikikipaka kila nilipokesha na mitihani, na sikuwahi kujiuliza swali lake. Nilimwahidi kwamba nitatafuta jibu la uhakika na kurudi. Jibu lenyewe ndilo hili.

KWANZA, HIKI KITU NI KITU GANI?

Madukani wanakiita kala korekta, wengine wanasema konsila ya chungwa. Utakikuta Kariakoo, Mwenge, Tandika, Mbagala Rangi Tatu, Manzese, na siku hizi hata kwenye simu, mtu anakuletea mpaka mlangoni. Kinapakwa chini ya macho kabla ya fandesheni au poda. Kipo cha chungwa, cha pichi, cha njano na hata cha kijani.

Utauliza, mtu mwenye ngozi nyeusi anajipakaje rangi ya chungwa halafu atoke barabarani? Hapa ndipo ujanja ulipo. Unakumbuka mama anavyofua shati lako jeupe la shule? Shati likishazeeka linakuwa na umanjano. Mama anachukua bluu ya kufulia, anatia kidogo kwenye maji ya mwisho, shati linatoka jeupe pee! Je, ile bluu imeondoa umanjano? Hapana. Umanjano umo humohumo. Ila bluu na umanjano zimekutana zikauana nguvu, jicho lako likaona weupe.

Kala korekta inafanya kazi hiyohiyo, ila kinyume chake. Ukichora duara la rangi kama wanavyofundishwa wanafunzi wa sanaa, rangi ya chungwa inatazamana na bluu, njano inatazamana na zambarau, kijani inatazamana na nyekundu. Rangi mbili zinazotazamana zikichanganyika, kila moja inapunguza ukali wa mwenzake. Weusi wa chini ya macho kwa watu wengi una ubluu au ukijivu ndani yake. Ukiweka chungwa juu, ubluu unapoa, kinachobaki kinafanana na kahawia ya ngozi yako. Ndiyo maana mtu mweusi anatafuta chungwa iliyokolea, na mtu mweupe anatumia pichi hafifu.

Kumbe basi, ni bluu ya kufulia ya uso. Shati limependeza, lakini kama lina tundu, tundu liko palepale.

Wala hakuna aibu katika kufunika. Mojawapo ya vipodozi vya mwanzo vya kufunika ngozi vilivyopata hati miliki Marekani kilibuniwa na mwanamke aitwaye Lydia O'Leary. Alizaliwa na alama kubwa nyekundu usoni. Alitengeneza rangi nzito ya kuifunika alama hiyo, akapata hati yake mwaka 1932. Aliuza kitu cha kufunika alama ya kuzaliwa, na kufunika ndiko kilikokusudiwa. Tatizo linaanza pale mtu anapokuuzia kifuniko kwa jina la dawa.

WEUSI UNATOKA WAPI?

Huwezi kujua kama kitu kinatibu mpaka ujue ugonjwa wenyewe ni upi, na kama kweli ni ugonjwa. Ngozi ya chini ya macho ni nyembamba kuliko karibu sehemu nyingine zote za mwili. Haifiki hata milimita 1. Kwa hiyo kila kinachotokea chini yake kinaonekana upesi. Weusi huo una sababu nyingi, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo mbili au tatu kwa pamoja.

Kurithi. Hii ndiyo ya kwanza kwa wengi wetu. Rangi ya ngozi inatokana na melanini. Baadhi ya familia zina melanini nyingi zaidi kuzunguka macho. Hebu tazama picha ya mama, ya baba, ya bibi. Kama wote wanao, basi huo si ugonjwa, ni sura ya ukoo wenu. Hakuna kityubu kitakachofuta ukoo.

Kivuli. Wengine mfupa wa jicho umeingia ndani kidogo, au kuna kijibonde kati ya jicho na shavu. Mwanga ukipiga kutoka juu, pale panaingia kivuli. Jaribu hivi: simama mbele ya kioo, mulika tochi ya simu kutoka mbele ya uso. Kama weusi umepungua sana, sehemu kubwa ilikuwa kivuli. Kivuli hakitibiwi kwa krimu.

Mishipa ya damu. Kwa sababu ngozi ni nyembamba, damu iliyo kwenye mishipa midogo inaonekana kama ubluu au uzambarau.

Kufikicha macho. Hii ndiyo inayowapata wanafunzi wengi bila wenyewe kujua. Mtu mwenye aleji ya vumbi, chavua au moshi anawashwa macho, anayafikicha asubuhi, mchana na jioni. Ngozi nyeusi ikisuguliwa mara kwa mara inajibu kwa kutengeneza melanini zaidi. Sasa fikiria vumbi la barabara za Chamazi na Mabwepande wakati wa kiangazi, ongeza moshi wa mkaa jikoni. Utaacha kufikicha?

Kukosa usingizi. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya jaribio moja rahisi. Waliwapiga picha watu 10 wakiwa wamelala vizuri, kisha wakawapiga tena baada ya kukesha saa 31. Picha hizo wakawaonyesha watu wengine 40. Waliokesha walionekana macho yamevimba, ngozi imepauka, na weusi chini ya macho umezidi. Kwa hiyo bibi alikuwa sahihi aliposema, "Mjukuu wangu, macho yako yanadai usingizi."

Upungufu wa damu. Damu ikipungua, ngozi inapauka, na weusi wa chini ya macho unajitokeza zaidi. Usilichukulie jambo hili kama mzaha. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini mwetu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Hao si bibi zetu tu. Wamo dada wa kidato cha pili, cha tatu na cha nne. Malaria, minyoo, hedhi nzito na chakula kisicho na madini ya chuma, vyote vinachangia.

SASA TUJIBU SWALI: INATIBU AU HAITIBU?

Hebu twende taratibu, maana jibu lina sehemu tatu.

Rangi yenyewe haitibu. Haipunguzi melanini, haiongezi damu, haijazi kijibonde, haizuii aleji. Ukinawa imekwenda na maji. Atakayekuambia rangi ya chungwa "inaingia ndani na kula weusi" anakuzuga.

Lakini rangi hiyo ina faida moja ambayo wengi hawaijui. Korekta, fandesheni na vipodozi vingi vyenye rangi ya ngozi vinapata rangi yake kutoka kwenye madini yaitwayo oksaidi za chuma. Ni ndugu wa kutu unayoiona kwenye bati. Madini haya yanazuia sehemu ya mwanga unaoonekana kwa macho. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kuwa mwanga huo, siyo ile miali isiyoonekana ya jua peke yake, unaweza kuifanya ngozi ya rangi yetu izidi kuwa nyeusi, na weusi huo ukadumu. Losheni nyingi nyeupe za kukinga jua hazizuii mwanga huo vizuri. Kwa hiyo mtu anayepaka kitu chenye rangi kila siku juu ya losheni ya kukinga jua anaweza kuwa anazuia weusi usiongezeke. Faida ipo, ila elewa vizuri: kuzuia kusiongezeke siyo kuondoa uliopo. Na safu nyembamba kama moshi haikingi kama safu inayofunika.

Sehemu ya tatu ni viungo vilivyoongezwa ndani. Siku hizi watengenezaji wanaandika kwenye boksi: ina vitamini C, ina kafeini, ina vitamini B3. Si vyote vya uongo. Vitamini B3 ya ngozi, iitwayo niasinamaidi, imefanyiwa utafiti. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya krimu yenye asilimia 5 ya kiungo hicho. Watu walipaka kila siku, na madoa yakapungua baada ya wiki 4 hadi 8. Kafeini inabana mishipa ya damu kwa muda, hivyo uvimbe wa asubuhi unaweza kupungua kwa saa chache. Vitamini C nayo inasaidia, lakini inaharibika haraka ikikutana na hewa, mwanga na joto. Sasa kityubu kimekaa wiki tatu juani kwenye meza ya barabarani, hapo umenunua vitamini au umenunua jina?

Swali la kuuliza ni hili: humo ndani kimo kiasi gani? Geuza boksi usome orodha ya viungo. Kwa kawaida viungo huandikwa kwa mpangilio wa wingi, kilicho kingi kinatangulia. Ukiona vitamini imetupwa mwisho kabisa, baada ya manukato, ujue ni kama kuonja chumvi kwenye bahari ya maji baridi. Na kumbuka, korekta unapaka kiasi cha punje ya harage, tena asubuhi tu. Wale wa utafiti walipaka krimu yenyewe, kila siku, wiki baada ya wiki.

Kwa ufupi: ni kipodozi kizuri cha kufunika, kinaweza kukinga kidogo, na kutibu hakitibu.

TENGANISHA KIPODOZI NA DAWA

Sheria nayo inatenganisha vitu hivi viwili. Kipodozi ni cha kusafisha, kupendezesha au kubadilisha mwonekano. Kitu kinachodai kutibu ni dawa, na dawa lazima isajiliwe na kupimwa kama dawa. Hapa kwetu sheria ya chakula, dawa na vipodozi ilipitishwa mwaka 2003, na zamani vyote vilikuwa chini ya TFDA. Tangu mwaka 2019 kazi imegawanywa: dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, na vipodozi vimekwenda Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii ni dawa kabisa ya macho," mwulize kwa adabu: "Kama ni dawa, usajili wake wa TMDA uko wapi?" Utaona longolongo zinaanza.

HATARI IPO WAPI?

Korekta halisi, ya rangi tu, mara nyingi haina madhara makubwa. Kasheshe inaanza mtu anapochoka kufunika, akataka kuuondoa kabisa. Hapo ndipo anapohama kutoka kwenye rangi na kuingia kwenye krimu za kuchubua, yaani mkorogo. Anaambiwa, "Hiyo ya chungwa ya nini? Paka hii usiku, wiki moja tu." Kikopo hakina lebo, au kina lebo ya lugha usiyoijua. Anakipaka kwenye ile ngozi isiyofika milimita 1, sentimita moja kutoka kwenye mboni ya jicho.

Ndani ya krimu hizo mara nyingi kuna mambo matatu.

Steroidi kali, kama klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa halali, daktari wa ngozi anazitumia kwa ugonjwa maalumu na kwa muda maalumu. Ukizipaka kiholela kuzunguka macho zinafanya ngozi iwe nyembamba zaidi, mishipa ya damu inaonekana, na weusi ule ule unazidi! Mbaya zaidi, zikitumika muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Presha ya jicho haiumi mwanzoni. Inakula uwezo wa kuona polepole, na ulichopoteza hakirudi.

Haidrokwinoni. Hii inapunguza melanini, lakini ikitumika muda mrefu bila daktari inaweza kuacha madoa ya rangi ya bluu na nyeusi kwenye ngozi, ambayo kuyaondoa ni shughuli pevu.

Zebaki. Madini ya sumu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo wa kuvimba mwili. Zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Huku kwetu, katika miaka ya 1990, watafiti kutoka Japani walipima nywele za watu wa maeneo ya Ziwa Victoria. Walikuwa wakitafuta zebaki itokanayo na uchimbaji wa dhahabu. Wakakuta baadhi ya watu wana zebaki nyingi mno, na wengine hawakuwa wachimbaji. Walipofuatilia, kilichoshukiwa kilikuwa sabuni ya kuogea yenye zebaki! Mtu hajawahi kushika jembe la mgodini, sumu iko bafuni kwake.

Dunia imeshachukua hatua. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwanzoni mkataba uliacha upenyo kwa baadhi ya vipodozi vya sehemu ya macho, vile ambavyo zebaki ilitumika kuvizuia visioze. Mwaka 2023, nchi wanachama zilipokutana Geneva, zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo mwaka 2025. Lakini mkataba hauji kukaa nawe dukani, ndugu yangu. Pale ni wewe na macho yako.

UKIENDA DUKANI, ANGALIA HAYA

1. Lebo. Hakuna lebo, hakuna orodha ya viungo, hakuna jina la mtengenezaji? Rudisha.

2. Maneno "mercury", "Hg" au "calomel" kwenye orodha. Yote ni zebaki. Pia ukikuta onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au alumini, shtuka. Onyo hilo ni dalili ya zebaki, kwa sababu inashambulia madini hayo. Kama inaharibu pete, itaiachaje figo?

3. Kichora cha kikopo kilichofunguliwa chenye namba kama 6M au 12M. Maana yake ni miezi unayoweza kukitumia baada ya kukifungua.

4. Krimu isiyotakiwa kuwa na dawa, lakini inaleta matokeo ya ajabu ndani ya siku tatu. Ngozi haibadiliki kwa kasi hiyo bila kitu kikali ndani.

5. Jaribu kwanza. Paka kidogo ndani ya mkono, sehemu ya kiwiko, ngoja siku mbili. Ukiwashwa au kuvimba, kisifike machoni.

Na wanja je? Baadhi ya wanja wa asili, ule wa unga, hutengenezwa kwa jiwe lenye madini ya risasi. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto wadogo. Usimpake mtoto mchanga, hata kama shangazi anasema ni mila.

HALAFU, ACHENI KUAZIMANA

Najua mambo ya bwenini na ya saluni. Kityubu kimoja, dada sita, sponji moja. Mwanzoni mwa mwaka 2024 jiji letu lilipata mlipuko wa macho mekundu, ule wa virusi. Unakumbuka wengine walivyonawishwa chai na maji ya chumvi, mpaka Wizara ya Afya ikatoa tahadhari? Virusi vile vinapita kwenye mikono, taulo na vitu vinavyogusa macho. Sponji ya konsila ni daladala ya kwenda na kurudi. Kipodozi cha macho hakiazimwi, kama vile mswaki hauazimwi. Na ukishaugua macho, usikirudie kile ulichokuwa unatumia. Kitupe, hata kama kinauma roho.

NIFANYE NINI BASI BILA KUTUMIA HELA NYINGI?

Lala. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Najua utacheka. Unatoka Bunju au Mbagala, unaamka saa 10 alfajiri kugombea daladala, jioni foleni, usiku masomo. Siwezi kukuongezea daladala. Lakini ile saa moja ya kutazama video kitandani, hiyo iko mikononi mwako. Anza na hiyo.

Acha kufikicha. Macho yakiwasha, nawa kwa maji safi ya baridi, weka kitambaa safi chenye maji baridi. Yakiwasha kila siku, hiyo si tabia, ni ugonjwa unaotibika. Nenda kituo cha afya. Usijinunulie dawa ya matone kiholela, kwa sababu baadhi ya matone yana steroidi ileile tuliyoisema.

Jikinge na jua. Kofia, mwavuli, na losheni ya kukinga jua kama unaimudu. Hili linawahusu zaidi ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua linawaletea saratani ya ngozi. Kule Moshi, kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC kinatengeneza losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Unaona? Losheni ya kukinga jua siyo mambo ya kizungu, inapikwa hapahapa Bongo.

Kula vyenye madini ya chuma: maharage, dagaa, mchicha, matembele, maini ukipata. Ongeza chungwa au embe wakati wa kula, linasaidia mwili kunyonya chuma. Chai iache ipishane na chakula, kwa sababu inazuia. Ndiyo, chungwa la kula lina faida kuliko chungwa la kupaka!

Vitu vya kuacha: maji ya limau, dawa ya meno, na jiki. Usicheke, wapo wanaopaka. Limau likikutana na jua linaunguza ngozi na kuacha doa jeusi kuliko la mwanzo.

JIPIME: NIENDE HOSPITALI AU NISIENDE?

Weusi ulikuwepo tangu utotoni, na nyumbani wote wanao: tulia, ni wako.

Weusi umeanza karibuni, na unachoka, unahema ukipanda ngazi, kichwa kinazunguka: kapime damu.

Macho yanawasha, mekundu, yanatoa machozi kila msimu wa vumbi: kamwone mtaalamu wa macho.

Macho na uso vinavimba asubuhi, miguu nayo inavimba: nenda haraka, figo ziangaliwe. Kama umewahi kutumia mkorogo, sema ukweli. Daktari hakuhukumu, anataka ajue aanzie wapi.

Unaona ukungu, au duara za rangi kuzunguka taa, na umetumia krimu kali: usingoje hata wiki.

Kwa wakazi wa Temeke ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, wa Kinondoni ipo Mwananyamala, na kwa macho ipo CCBRT pale Msasani. Lakini anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe.

YULE WA KITYUBU ALIISHIA WAPI?

Nilirudi shuleni kama nilivyoahidi. Nilimwambia haya yote uliyoyasoma. Akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo nimeliwa elfu nane?" Nikamwambia, hela yako ilinunua rangi, na rangi umeipata. Ulichouziwa juu yake ni maneno.

Wakati tunazungumza nilimwona anafikicha macho mara tatu. Nikamuuliza kama anachoka. Akasema siku hizi hata mchakamchaka hauwezi, anasingizia tumbo. Nilizungumza na mama yake, wakaenda kituo cha afya wiki hiyohiyo. Damu ilikuwa chini. Macho yalikuwa na aleji. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, dawa ya minyoo na matone ya macho, na akaambiwa arudi kupimwa tena.

Kile kityubu hakikumdhuru ngozi. Nilisoma orodha yake yote, ilikuwa rangi, nta na mafuta. Lakini kwa miezi miwili kilifunika ishara ambayo mwili wake ulikuwa ukimwonyesha kila asubuhi, na mlo wa mchana ambao ungemsaidia aliutoa yeye mwenyewe ili akinunue. Hiyo ndiyo gharama halisi, siyo elfu nane.

Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa anapanda ngazi za ghorofa ya shule bila kusimama katikati. Weusi wa chini ya macho umepungua kidogo, haujaisha. Mama yake anao, na bibi yake anao. Siku ya mahafali ya kidato cha nne, alipokuwa anawahudumia wageni, alijipaka ile rangi yake ya chungwa, poda juu, akapendeza bomba. Nilipomsifia akacheka. "Dada," akasema, "leo nimefunika tu. Kutibu nimeshatibu."

Basi na wewe, ukitaka kujiremba, jirembe. Ni uso wako. Ila kabla hujafunika, tazama kwanza kilichopo chini.